Mlango wa ziwa uko Jinja, fukwe ziko kwa wengi

Mei 2020 maji yalipoingia vibandani kwenye mwalo mmoja hapa Jinja, Uganda, mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria, mzee mvuvi aliyetoka upande wa Kenya aliniuliza: "Kijana wa vipimo, si mfungue tu bwawa?"

Kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42 mwezi huo, rekodi iliyovuka ile ya 1964. (Hicho si kina cha ziwa, jamani. Sifuri ya kipimo iko juu mno ya sakafu. Penye kina kirefu Ziwa Victoria hufika mita 80 hivi.)

Nikamwambia, mzee, ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Tukiongeza mita za ujazo 1,000 kila sekunde, litashuka sentimita moja baada ya siku nane hivi. Na maji hayo yataangukia Kyoga, ziwa la chini yetu kwenye Nile, ambako watu nao walikuwa wamefurika. Hakuridhika. Hata mimi nisingeridhika.

Zamani mlinda mlango alikuwa mwamba wa Maporomoko ya Ripon: ziwa likijaa mengi yanatoka, likipungua machache. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipofunguliwa 1954, maporomoko yale yalizama. Wahandisi wakachora mchoro wa kuiga tabia ya mwamba: kipimo kikisoma hivi, achia kiasi hiki. Walioafikiana ni Uingereza, iliyotutawala, na Misri, ambayo ilipata nafasi ya kuweka wahandisi wake Jinja. Wenye fukwe za Kenya na Tanganyika hawakuulizwa.

Hapo ndipo panaponikera. Kati ya 2004 na 2006 mvua ilikuwa haba, nasi, kwa njaa ya umeme, tukaachia maji kupita mchoro. Ziwa likashuka karibu mita moja. Wenzetu wa Mwanza na Kisumu waliona maji yakiwakimbia, na funguo ziko kwetu.

Mkataba wa bonde la Nile uliotiwa saini Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024. Magazeti yanauona kama ugomvi wa Misri na Ethiopia tu. Mimi nautazama kwa jicho la ziwa: Uganda na Tanzania wameuridhia, Kenya ilitia saini ikaishia hapo. Ule mchoro wa Jinja, kwangu, ungeandikwa upya hata kesho, safari hii Dodoma na Nairobi wakiwa wameketi mezani pamoja nasi.