Je, wajua chombo cha anga Voyager 2 kilifikaje sayari ya Neptuni ilhali roketi yake haikuwa na nguvu ya kuifikisha huko?

Ukifika Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini. Ni ya kituo cha San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei angani, iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko kama nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Dunia inajizungusha, na ikweta ndipo inapokwenda mbio zaidi: takriban mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki. Roketi ikielekezwa upande huo, juu ya Bahari ya Hindi, inaondoka na mwendo huo tayari, bila kuuchomea mafuta. Imeuazima kwa Dunia.

Voyager 2 ilifika Neptuni kwa kuazima vivyo hivyo, ila wakopeshaji wake walikuwa wakubwa zaidi.

Chombo hicho kilirushwa kutoka Florida, Marekani, tarehe 20 Agosti 1977. Roketi yake ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za wakati huo, lakini jua halimwachii mtu kirahisi. Kila chombo kinachokwenda mbali nalo kinavutwa nyuma na kupoteza kasi mwezi baada ya mwezi. Kwenda Neptuni moja kwa moja kungehitaji roketi yenye nguvu zaidi, na hata hivyo safari ingechukua miaka 30 hivi. Voyager 2 ilitumia 12.

Hapa maelezo mengi hukatika njiani. Husema sayari hukivuta chombo, kikaongeza mbio, basi. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu mvutano unaokiharakisha chombo kinapoikaribia sayari ndio huohuo unaokipunguzia mwendo kinapoondoka. Lau Mshtarii, sayari ya kwanza ambayo Voyager 2 iliipitia, ingekuwa imesimama tuli, chombo kingetoka na kasi ileile kilichoingia nayo, kimegeuzwa njia tu. Lakini Mshtarii haijasimama. Inalizunguka jua kwa kilomita 13 kila sekunde, na chombo kinachokatiza nyuma yake huburutwa upande inakoelekea. Kwa hiyo kasi yake ukiipima kutoka kwenye sayari haijabadilika, lakini ukiipima kutoka kwenye jua imepanda sana. Voyager 2 ilipoachana na Mshtarii mwezi Julai 1979 ilikuwa na mwendo wa kutosha kulikimbia jua moja kwa moja, isirudi tena. Mshtarii nayo ilipunguzwa mwendo, maana deni lazima lilipwe, ila kwa uzito wake upungufu huo haupimiki.

Hesabu hizi zilifanywa na vijana. Michael Minovitch alizipiga mwaka 1961, akiwa mwanafunzi. Mwaka 1965 Gary Flandro akaona jambo jingine: mwishoni mwa miaka ya 1970, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni zingekaa upande mmoja wa jua, kwa mpangilio ambao chombo kimoja kingeweza kurushwa kutoka hii hadi ile. Mpangilio huo hutokea mara moja katika miaka 175 hivi. Nahodha wa Lamu wa zamani angeelewa haraka yao, kwani naye alijua kwamba kusi ikishapita, jahazi la kwenda Arabuni halina budi kungoja mwaka mzima.

Hata hivyo nusura fursa ipotee. Mpango mkubwa wa kuzizuru sayari zote hizo ulifutwa kwa sababu ya gharama, na Voyager mbili, 1 na 2, ziliidhinishwa kwa Mshtarii na Zohali tu. Voyager 1 ilipangiwa kupita karibu na Titani, mwezi mkubwa wa Zohali wenye anga nzito. Kupita hapo kungeitupa juu, nje ya uwanda ambamo sayari huzunguka, na safari yake ya sayari ingeishia hapo. Lau ingeshindwa, Voyager 2 ingetumwa Titani badala yake, na Uranusi na Neptuni zingebaki vinukta kwenye darubini. Voyager 1 ilifaulu Novemba 1980. Mwenzake akaachiwa njia: Uranusi Januari 1986, kisha Neptuni tarehe 25 Agosti 1989, ambako alipita kama kilomita 5,000 tu juu ya mawingu. Ishara za redio zilichukua zaidi ya saa nne kufika Dunia. Kwenye Tritoni, mwezi wa Neptuni wenye baridi ya kutisha, picha zilionyesha moshi mweusi ukifoka kutoka ardhini, mahali ambapo wengi walitarajia barafu iliyokufa.

Kasi hiyo ina gharama yake: chombo hakiwezi kusimama. Ndiyo maana vyombo vilivyotumwa kukaa huko, Galileo ya Mshtarii na Cassini ya Zohali, vilibeba mafuta ya kufungia breki, vikawa vizito, vikalazimika kuanza kwa kurudi ndani, upande wa jua, ili viazime kasi kwanza. Cassini, ambayo antena yake kubwa ya mita 4 ilitolewa na shirika la anga la Italia, lilelile lenye kituo cha Malindi, ilipita Zuhura mara mbili, Dunia mara moja na Mshtarii mara moja ndipo ikafika Zohali mwaka 2004.

Uranusi na Neptuni hazijapata mgeni mwingine tangu Voyager 2, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika uchunguzi wa sayari. Kuazima kasi kwenyewe hakujakoma. Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kilipita Mirihi Machi 2025, na kimepangiwa kuipitia Dunia Desemba 2026 ili kiongeze mwendo wa kufika Mshtarii mwaka 2030.