Mbunge anaposhika shilingi ya Waziri, anashika nini hasa?

Kila mwaka ikifika Aprili, redio zikianza kurusha Bunge la Bajeti kutoka Dodoma, sisi tunaofanya kazi ya kuchambua bajeti huulizwa swali lilelile: "Mbunge wetu juzi alishika shilingi ya Waziri. Barabara yetu sasa imepata fedha?" Jibu fupi ni kwamba haijapata. Jibu refu lina faida zaidi, maana ukiielewa shilingi ile umeelewa sehemu kubwa ya madaraka ya Bunge juu ya fedha za umma.

Shilingi haishikwi wakati wa kuchangia hotuba. Waziri akishawasilisha makadirio ya wizara yake, kamati ya kisekta, yaani ile ya Bunge inayosimamia wizara hiyo, ikatoa maoni na wabunge wakachangia, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Utalitambua kwa sikio tu: wabunge waliokuwa wakisema "Mheshimiwa Spika" wanaanza kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Katibu anasoma makadirio fungu kwa fungu, kifungu kwa kifungu. Fungu ni kapu la fedha lenye namba yake, la wizara au taasisi fulani. Kinachosubiriwa kwa hamu ni kifungu chenye mshahara wa Waziri, kwa sababu hapo mbunge anaweza kudai ufafanuzi wa kisera. Anasimama, anaeleza hoja yake, na anatoa tahadhari kwamba asiporidhika na majibu atatoa shilingi.

Waziri akijibu juujuu, mbunge anatoa hoja rasmi ya kupunguza shilingi moja katika mshahara huo; huko ndiko kushika shilingi. Wenzake wanasimama kumuunga mkono, na mjadala mfupi unafunguliwa. Mara nyingi Waziri huongeza maelezo au kutoa ahadi, naye mbunge anairudisha shilingi. Asipoirudisha, wanapiga kura.

Shilingi moja hainunui hata pipi. Kwa nini basi izue zogo lote hilo? Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi au kuongeza mzigo kwa Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, yaani kapu kuu la fedha za umma, isipokuwa limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Mbunge wa kawaida ameachiwa mlango wa kupunguza. Hawezi kusimama na kusema kijiji chake kiongezewe bilioni mbili. Anachoweza ni kupunguza, na kipunguzo kidogo kuliko vyote ni shilingi. Akikitumia, hajaumiza huduma yoyote, lakini Waziri amelazimika kusimama na kujibu.

Desturi hii tuliirithi kutoka Bunge la Uingereza, na huko iliwahi kuangusha serikali. Juni 1895 wabunge wa London walipitisha hoja ya kupunguza pauni 100 katika mshahara wa waziri wa vita, Henry Campbell-Bannerman, kwa madai kwamba jeshi halikuwa na risasi za kutosha. Hoja ilishinda kwa kura 132 dhidi ya 125. Serikali ya Waziri Mkuu Rosebery ikajiuzulu. Kwetu shilingi haina meno hayo, na sababu imo ndani ya Katiba yenyewe.

Ibara ya 90 inataja mazingira ambayo Rais anaweza kulivunja Bunge, na mojawapo ni Bunge kukataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Mbunge anayepiga kura ya hapana kwa bajeti nzima anajua kwamba wakishinda, huenda wote wakarudi majimboni kuomba kura upya. Kwa maoni yangu, mzani hapa umelalia upande mmoja. Ndiyo maana unamsikia mbunge akiiponda bajeti dakika tisa, halafu ya kumi "anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja". Watu humcheka. Mimi huwa sicheki sana, kwa kuwa kati ya kukubali yote na kukataa yote ameachiwa nafasi finyu, na shilingi ni sehemu ya nafasi hiyo.

Hata nafasi hiyo ina saa yake. Muda wa wizara ukikaribia kwisha, Mwenyekiti hutangaza gilotini: vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, bila maswali. Hoja yako ikikutwa huko nyuma, imekwenda na maji.

Kuna jambo jingine linalochanganywa sana. Tunaposema "Bunge limepitisha bajeti" tunazungumzia sheria mbili. Moja, Sheria ya Matumizi, inaruhusu fedha kutoka. Ya pili, Sheria ya Fedha, inasema fedha hizo zitapatikanaje, yaani kodi na tozo zipi zinapanda, zinashuka au zinaanzishwa. Ibara ya 138 inakataza kodi yoyote kutozwa bila sheria. Zamani hotuba ya bajeti ilisomwa Juni na wizara zikajadiliwa baadaye, mwaka mpya wa fedha ukiwa umeshaanza. Tangu 2013 mpangilio umegeuzwa: wizara kwanza, kuanzia Aprili, kisha hotuba kuu katikati ya Juni, na kila kitu kimalizike kabla ya Julai 1. Katika hotuba ya Juni 12, 2025 kiasi kilichoombwa kwa mwaka 2025/26 kilikuwa shilingi trilioni 56.49; mwaka uliotangulia kilikuwa trilioni 49.35.

Mpangilio huu una kasoro moja. Wananchi hufuatilia wizara kwa wiki nyingi, wakachoka, na muswada unaogusa mifuko yao unapita siku za mwisho za Juni wakati masikio yamehama. Mwaka 2021 ni ushahidi. Tozo ya miamala ya simu, nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na kodi ya jengo ya shilingi 1,000 kwa mwezi kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zote zilikuwamo katika mapendekezo ya Juni. Kelele zilianza Julai, watu walipotuma fedha na kuona makato. Viwango vya tozo ya simu vikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba, na mwaka uliofuata vikarekebishwa tena. Marekebisho yaliwezekana, ila baada ya makato kuanza. Muswada wa Sheria ya Fedha unapokuwa mbele ya Kamati ya Bajeti, wadau hukaribishwa kutoa maoni. Wafanyabiashara wakubwa na washauri wa kodi hufika na makabrasha yao. Mama lishe na bodaboda hawaonekani, ingawa hakuna anayewakataza.

Turudi kwenye barabara. Kabla ya kumlaumu mbunge au kumpongeza, jua kwanza ni barabara ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara ulio kwa Waziri wa Ujenzi; za wilaya, vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo iko TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nimewahi kusikia shilingi ya Waziri wa Ujenzi ikishikwa kwa ajili ya kalavati la TARURA. Ukumbi ulicheka, Waziri akajibu kwa upole kwamba si lake, na hoja ikaishia hapo.

Kisha tafuta Juzuu ya Nne ya vitabu vya bajeti, ile ya miradi ya maendeleo, uone kama mradi umo na kwa kiasi gani. Ukiukuta, usisherehekee bado. Kuidhinishwa ni ruhusa ya kutumia, na fedha yenyewe hutoka Hazina kidogo kidogo kadiri makusanyo yanavyoingia. Katika hotuba ya Waziri ya mwaka unaofuata kuna aya fupi, aghalabu kurasa za mwanzo, inayoeleza wizara iliidhinishiwa kiasi gani na hadi tarehe fulani imepokea kiasi gani. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo swali la kumpa mbunge wako mapema, Machi, kamati ya kisekta ikiwa bado inapitia makadirio na hakuna anayehesabu dakika kuelekea gilotini.