Profesa Zewail hakuanzia kemia Marekani

Wapo wanafunzi wa sayansi hapa Mwanza wanaoamini kwamba Ahmed Zewail, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1999, alikuwa Mwafrika kwa jina tu, kwa kuwa eti elimu yake yote aliipatia Marekani. Dhana hiyo si sahihi. Zewail alizaliwa mwaka 1946 mjini Damanhur, Misri, kwenye delta ya mto Nile, mto uleule unaotoka katika ziwa letu, na alipata shahada ya kwanza na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Alexandria kabla ya kuhamia Marekani, alikohitimu uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1974.

Kazi iliyompa tuzo, ambayo kwa maoni yangu inastahili kufundishwa zaidi, aliifanya katika chuo kikuu cha Caltech, California. Kwa kutumia mimweko ya leza inayopimwa kwa femtosekunde, yaani sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde, alifuatilia molekuli ya sianidi ya iodini ikivunjika, akaona kifungo kati ya atomi zake kikikatika ndani ya femtosekunde zipatazo 200.

Wala hakuitupa Misri: mji wa sayansi na teknolojia wenye jina lake, aliouasisi mwenyewe, uko karibu na Cairo.