"Ni mawazo tu": maswali mnayoniuliza kuhusu kuongea na mshauri kwa simu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Kigoma. Tangu nilipoandika kwenye grupu la mtaa kwamba mtu anaweza kukaa Ujiji au Kasulu akaongea na mshauri wa saikolojia aliyeko Dar, maswali hayaishi. Nayajibu hapa yale yanayojirudia.

Hiyo tiba ya mazungumzo kwa mtandao ni nini?

Ni kuongea na mtu aliyesomea kazi hiyo, kwa simu ya kawaida, video au hata kuandikiana, mara nyingi dakika 45 mpaka 60, kila wiki mara moja. Hamna sindano wala kulazwa. Kwa sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini na cha kati, tafiti zimeonyesha inasaidia karibu sawa na kukaa naye uso kwa uso.

Si ni mambo ya vichaa hayo? Mimi nina mawazo tu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hili neno linaniumiza.

Mtu anakuja na daftari la hospitali limejaa: malaria kapima hamna, taifodi katibiwa mara tatu, UTI mara mbili, dawa za vidonda vya tumbo kanywa mpaka kachoka, na bado moyo unaenda mbio, kichwa kinabana, usingizi hakuna. Namuuliza ilianza lini, anahesabu miezi. Namuuliza mwezi huo nyumbani kulikuwa na nini, ananyamaza, halafu machozi yanaanza kushuka. Alifiwa na mama, au mume kaoa mwingine, au ni mwalimu kaletwa huku kikazi hana ndugu hata mmoja. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza, na siku alipojaribu kusema mwenyewe akaambiwa ni mawazo tu, utazoea.

"Mawazo tu" haipo jamani. Ukiona wiki 2 zimepita na karibu kila siku roho ni nzito, hulali, chakula hakipiti, vitu ulivyokuwa unavipenda huvitaki, hiyo ni sonona, ni ugonjwa na unatibika, na ukiwahi unatibika kwa urahisi zaidi. Kichaa hakihusiki hapo. Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na bibi 14 aliowafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza, na utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha waliokaa kwenye yale mabenchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Washona, kabila la huko Zimbabwe, wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wao hawaongezi "tu" mbele yake.

Siumwi ila maisha yamebadilika. Na mimi naruhusiwa?

Ndiyo, na wewe ndo ningependa uje mapema. Umestaafu na kiinua mgongo kinaisha, umeachika, umejifungua na unalia bila sababu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi 3 mwaka 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, kuna wavuvi ambao tangu utoto walikuwa hawajawahi kukaa bila kuingia majini, mtu anashinda nyumbani hajui hata mikono aiweke wapi. Hiyo siyo kuumwa, ila ukiiacha inageuka kuumwa.

Si bora ninunue kidonge cha usingizi dukani nilale?

Hapana. Nasema tena, hapana. Diazepamu siyo pipi, ni dawa ya kuandikiwa, ukiizoea unahitaji nyingi zaidi kupata usingizi uleule, kuiacha ghafla kunaweza kukuletea degedege, na ukichanganya na pombe unaweza usiamke. Wewe unayemuuzia jirani yako bila cheti kisa unamuonea huruma, huo siyo msaada. Na gongo vilevile: unalala saa mbili, unaamka saa nane usiku na shida ileile iliyokufanya unywe.

Nimeshaenda kwa mchungaji, au shehe kanisomea. Haitoshi?

Endelea na dua zako, mshauri hakukatazi. Ila usimalize mwaka kwenye maombi na waganga ndo uje kwetu umebaki mifupa.

Naishi nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani. Naongeaje?

Swali zuri na ndo linalowakwamisha wengi. Vaa iafoni, hapo watasikia upande wako tu. Washa redio karibu na mlango. Wengine wanatembea mpaka ufukweni jioni, wengine wanaenda shambani, mama mmoja alikuwa anapanga muda wa sesheni saa ya kufua kwa sababu hakuna anayemfuata bombani. Kama shida yenyewe ni mtu unayeishi naye na anakagua simu yako, futa meseji, na mwanzoni kabisa kubaliana na mshauri neno moja ambalo ukilisema anajua mtu kaingia, mnageuza mnaongea habari za mchele.

Nitajuaje siyo tapeli?

Muulize kasomea wapi, kasajiliwa na nani. Akisema ni daktari, lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Bei akwambie kabla. Anayekuahidi kupona kwa siku moja, anayetaka picha zako, anayesema una mkosi utume hela autoe, au anayeanza kukutongoza, huyo mfungie namba siku hiyohiyo.

Nimeongea mara mbili sioni kitu.

Mbili ni chache, wengi wanahitaji 6 na kuendelea. Ila kama moyo wako haumkubali huyo mshauri mwambie, au tafuta mwingine, usiache tiba yote.

Mdogo wangu anasema ana mawazo tu, ila juzi kanigawia simu yake na nguo zake nzuri, anasema hazihitaji tena.

Acha kusoma, nenda alipo. Hapa hatusubiri miadi ya wiki ijayo, simu na mtandao hapa havitoshi. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo, kunampa mlango wa kulisema. Usimuache peke yake hata dakika moja, toa ndani sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote, halafu mpeleke hospitali ya mkoa ya Maweni, au kama mko wilayani hospitali iliyo karibu, usiku huohuo, hata kwa bodaboda ila mtu mwingine amshike nyuma. Ni vilevile kwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kwa mama aliyejifungua akaanza kusema mtoto siyo wake. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18 na hujui uanzie wapi, piga 116, ni bure. Akifika hospitali akasema "ni mawazo tu", wewe uliyemleta sema uliyoyaona.