Fedha za sanaa zinapokatwa: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Fungu la sanaa likifyekwa, serikali itaokoa fedha nyingi."
Fungu lenyewe ni dogo mno. Nchini Marekani, NEA, wakala wa taifa wa sanaa, ilitengewa dola milioni 207 mwaka 2023, huku matumizi ya serikali kuu yakizidi dola trilioni 6. Hizo ni kama dola 3 katika kila dola 100,000. Fungu hili hukatwa kwa kuwa halina mtetezi mezani, si kwa kuwa ni zito.

"Ukikata asilimia 20, shughuli zitapungua kwa asilimia 20."
Hesabu hii huwapotosha hata wenye kazi zao. Chukua kituo cha jamii chenye bajeti ya 100. Pango, umeme, mlinzi, bima na mishahara ya kudumu vinakula 70. Zinazobaki 30 ndizo za madarasa ya muziki, mazoezi ya kwaya, vitabu vya watoto na posho za walimu. Sasa ondoa 20. Mwenye jengo hapunguzi kodi, wala bima haishuki, kwa hiyo zote 20 zinatoka kwenye zile 30. Theluthi mbili ya shughuli zimekufa, ilhali taarifa rasmi itasema kituo "kinaendelea kutoa huduma". Ni kweli: mlango uko wazi, taa zinawaka, na ndani hamna kitu. Mahudhurio yanashuka, na mwaka unaofuata idadi hiyohiyo hafifu inaletwa kama sababu ya kukata tena.

Hali huwa mbaya zaidi pale mfadhili mwingine anapotoa kwa sharti kwamba serikali nayo itoe kiasi kilekile: ikipungua ya serikali, na yake inapungua. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote ya kupinga, panga gharama zako katika safu mbili, zisizobanika na zinazobanika, kisha onyesha mkato unaangukia wapi.

"Kampuni na matajiri watajaza pengo."
Hawa hupenda kitu cha kubandika jina: tamasha, uzinduzi, ukumbi mpya. Ni nadra kumpata anayetaka jina lake kwenye nyaya za umeme au paa linalovuja. Makumbusho ya Taifa ya Brazil, jijini Rio de Janeiro, yalikaa miaka kadhaa bila kupata kwa ukamilifu fedha zake za matengenezo. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 yaliungua, na wazima moto wakakuta mabomba mawili ya karibu hayana maji. Mkusanyo wa vitu takriban milioni 20, ulioanza kukusanywa tangu 1818, ukateketea kwa sehemu kubwa.

"Msanii hodari huishi kwa tiketi zake."
Wachumi William Baumol na William Bowen walilijibu hili mwaka 1966. Kiwanda hupunguza wafanyakazi kwa kununua mashine, lakini muziki ulioandikiwa wapigaji wanne bado unadai wanne walewale na dakika zilezile. Gharama hupanda pamoja na mishahara ya nchi, na tiketi ikiufuata mwendo huo, wasikilizaji wa kipato cha chini wanabaki nje.

"Kila senti ya sanaa hurudi mara saba."
Dhana hii ni ya upande wetu, sisi tunaotetea sanaa, na ni afadhali tuiache. Mchumi wa Hazina atauliza swali moja tu: aliyenunua tiketi asingetumia fedha hiyohiyo kwa kitu kingine hapo mjini? Ukishindwa kujibu, hata hoja zako za kweli zitatiliwa shaka. Peleka unachoweza kukithibitisha: daftari la mahudhurio, idadi ya waliolipwa, siku ambazo jengo lilitumika, na maeneo wanakotoka watumiaji.

"Bajeti ikisomwa bungeni, ndipo tupaze sauti."
Mmechelewa. Kwa kawaida ukomo wa matumizi wa kila wizara hupangwa miezi kadhaa kabla, na baada ya hapo kukuongezea maana yake ni kumnyang'anya mwingine. Anzeni na maofisa wa mipango wa wizara wakati makisio yanaandaliwa, kisha kamati ya bunge inayohusika. Peleka ukurasa mmoja: namba ya kifungu, kiasi cha mwaka jana, kiasi kinachopendekezwa, na ombi moja tu. Mbunge mpe takwimu za jimbo lake, si za taifa. Mwaka 2017 rais wa Marekani alipendekeza NEA ifutwe kabisa. Bunge likaiongezea fedha kwa mwaka wa fedha 2018. Asilimia 40 ya fedha zake za ruzuku huenda kwa wakala wa majimbo na kanda, kwa hiyo kila mbunge alikuwa na cha kupoteza nyumbani kwake. Uholanzi, mwaka 2011, watu waliandamana kwa miguu kutoka Rotterdam hadi The Hague, na mkato wa takriban euro milioni 200 ukapita vilevile. Maandamano yana kazi yake, ila hayachukui nafasi ya ule ukurasa mmoja.

"Fungu limepitishwa, tumeshinda."
Kuidhinishwa si kutolewa. Kuna mkato usiopita bungeni kabisa: fedha hucheleweshwa hadi mwaka wa fedha unakwisha, kisha zinarudi Hazina. Omba taarifa ya utekelezaji kila robo mwaka, ulinganishe kilichoidhinishwa na kilichotolewa, na uandike barua robo ya pili, wakati bado kuna miezi ya kulipwa.