Katuni yetu ya upelelezi haina mwizi

Muulize mtoto wa miaka mitano hapa Mbeya mazingira ni nini. Mimi nimewauliza wengi, Mwanjelwa mjini, vijijini Rungwe, hata Iringa nilipokwenda kumtembelea dada, na jibu ni lilelile: "Ni kufagia." Wachache huongeza kuokota makaratasi. Hawajakosea. Wanafika shuleni asubuhi na fagio mkononi, mwalimu wa zamu anatangaza usafi wa mazingira, na neno linapata maana yake hapohapo uwanjani. Mto haumo ndani ya neno hilo. Chura hamo. Ukungu unaoteremka kutoka Mlima Loleza haumo.

Kwa hiyo katika mfululizo wa katuni ninaouandikia miswada, neno mazingira halitamkwi hata mara moja. Nilifundisha darasa la awali kwa miaka kumi na moja kabla ya kuingia katika kazi hii, na ninajua kwamba kutunza mazingira kumo katika mtaala wa elimu ya awali. Sina ugomvi na mtaala. Ninachotaka ni mtoto aanze na kitu chenyewe, jina lije baadaye.

Wapelelezi wetu ni wawili, binti wa miaka mitano na fuko, yule mnyama anayechimba na kuishi chini ya udongo. Huku kwetu mkulima wa viazi akikuta shina limenyauka, wa kwanza kulaumiwa ni fuko, na watoto wanalijua hilo kwa kuwa wamewaona kaka zao wakitega mitego. Mnyama anayesingiziwa kila siku ana sababu nzuri ya kutaka kujua ukweli kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Nilimchagua kwa hilo, halafu mimi mwenyewe nikalisahau katika kipindi cha kwanza kabisa.

Kisa kilikuwa cha chemchemi. Binti anakwenda na bibi yake kuteka maji, wanakuta limebaki tope. Nani kaiba maji? Fuko ananusa ardhi, binti anaona nyayo za mabuti. Wanazifuata kando ya bonde, wanavuka matuta ya maharage, na mwisho wanamkuta mwanamume mwenye jembe begani na kofia iliyoshuka usoni. Kinyungu chake, shamba lake la bondeni, kimesogea mpaka kwenye jicho la chemchemi, na mikaratusi yake imesimama pembeni. "Ni wewe!" anasema Fuko, muziki unapanda, kipindi kinaisha. Tuliona tumemaliza.

Tukakipeleka katika darasa moja la awali kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, tukakionyesha kwa kishikwambi kilichoegemezwa kwenye ndoo. Watoto walimpenda Fuko mara moja. Kwenye nyayo walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia. Mabuti yalipoonekana yakiwa miguuni mwa mtu, mvulana mmoja wa mstari wa mbele akanyamaza. Alijisogeza nyuma kwa makalio, polepole, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Baadaye nilichuchumaa karibu naye. Akaniambia, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, kwamba baba yake ana mabuti kama yale.

Kesho yake mama mmoja alinisubiri getini. "Mwalimu, mwanangu jana kamwita baba yake mwizi wa maji. Mbele ya wageni." Hakuja kugomba. Alikuja na aibu, na aibu ya mtu mzima mbele ya mwalimu ni kitu kizito kukitazama. Akanieleza kwamba kinyungu hicho ndicho kilichonunua sare ya mtoto huyo.

Kwa msomaji asiye wa huku: vinyungu ni mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi, pale unyevu unapobaki baada ya mvua kukatika mwezi wa tano. Mahindi mabichi na maharage ya Septemba hutoka huko, na fedha za shule za kaya nyingi za Njombe, Iringa na Mbeya pia. Hivyo ukitafuta nani amekausha chemchemi, utamkuta baba, au mama, au babu aliyepanda mikaratusi kwa sababu alitaka kuwaachia wajukuu nguzo za kuuza. Hadithi za upelelezi za watu wazima humalizika vizuri kwa kuwa mkosaji ni mtu wa mbali. Katika habari za maji na misitu, mkosaji ndiye anayekupikia. Mtoto wa miaka minne hana pa kuiweka habari hiyo. Atalikataa somo, au atamkataa baba. Shamba hana uwezo nalo hata akielewa kila kitu.

Kosa lilikuwa kwenye swali. Tukalibadilisha. Badala ya kuuliza nani kaiba maji, binti sasa anauliza maji yamekwenda wapi. Ni mabadiliko madogo kwenye muswada, lakini yalitulazimisha kuchora upya karibu kila kitu, kwa sababu swali la pili linamfuata maji na halimfuati mtu. Kamera inashuka chini ya udongo pamoja na Fuko, ambaye huko ndiko nyumbani kwake, na mtoto anaiona mizizi ya mkaratusi ikinywa, mingi, minene, mchana na usiku. Analiona jua likiunyonya udongo ulioachwa wazi baada ya majani kufyekwa. Na yule mwanamume wa mabuti bado yumo. Ila safari hii anatokea mapema, amekaa juu ya tuta, anasema na tuta lake la mwisho nalo limeanza kupasuka. Amekuwa shahidi mwenye shida ileile.

Mwisho wa kipindi anatembea pamoja na binti kutoka kwenye jicho la maji kwenda nje, wakihesabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mita 60 ni kitu gani kwa mtoto ambaye bado anajifunza kuhesabu mpaka ishirini? Tulijaribu uwanjani na watoto wenyewe, kwa kamba ya mita 60. Kila hatua kumi, mtoto anaweka harage moja chini. Tulipofika mwisho wa kamba yalikuwa yamelala maharage kumi na matatu kwenye vumbi, na watoto wakasimama pale mwisho wakageuka kutazama walikotoka. "Mbali!" akasema mmoja. Tukayachukua maharage hayo tukayaweka kwenye katuni kama yalivyo. Bibi anapanda miche ya mkuyu na mivengi ndani ya eneo lile, na mwenye mabuti anaanza matuta yake upande wa pili wa harage la mwisho.

Kuna mambo ya ufundi ambayo waandishi wenzangu huniuliza. Vidokezo visizidi vitatu katika kipindi kimoja, kwa sababu cha nne kinakifukuza cha kwanza kichwani. Kila kidokezo kionekane kwenye picha kabla mpelelezi hajakigusa, ili mtoto awe wa kwanza kukiona. Halafu nyamaza. Wenzetu wa kipindi cha watoto cha Blue's Clues, kilichoanza kwenye runinga ya Nickelodeon nchini Marekani mwaka 1996, walifanya ukimya huo kuwa msingi wa kipindi: mtangazaji anauliza, anasubiri, mtoto anaijibu runinga. Tena walikuwa wanarusha kipindi kilekile siku tano mfululizo, na watafiti waliofuatilia wakaona watoto wanajibu zaidi kadiri wanavyokirudia. Mzazi huchoka kuona katuni ileile. Mtoto ndipo anapoanza kuimiliki. Kwetu ukimya ni sekunde nne, na nimegombana na mtunga muziki wetu zaidi ya mara moja kwa sababu yeye anataka kuzijaza ngoma.

Jambo lingine linahusu umri. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio lao maarufu: mtoto anaoneshwa chokoleti ikihamishwa wakati mwenye chokoleti hayupo, kisha anaulizwa mwenyewe akirudi ataitafuta wapi. Wa miaka mitatu husema ataitafuta ilipo sasa, kwa sababu kwake yeye analolijua kila mtu analijua. Wakikaribia miaka mitano wengi wanaanza kuelewa kwamba mwenzao anaweza kukosea. Ndiyo maana katika darasa moja utaona mdogo ameduwaa kwa nini Fuko anazunguka hivyo, na mkubwa amesimama anamwelekeza kwa sauti. Tunawaandikia wote wawili. Fuko akipotea njia, binti husema wazi, "Fuko hajaona." Maneno hayo mawili yanatosha.

Kinachonipa tabu kuliko vyote ni muda. Chemchemi haikauki kwa siku moja, na mtoto wa miaka minne hajaishi muda wa kutosha kukumbuka ilivyokuwa. Kipindi kina dakika kumi na moja. Suluhisho nililipata siku moja nilipokaa kwenye mwamba kando ya kijito huko Rungwe. Chini, karibu na maji, jiwe lilikuwa limeota vile vijimea vya kijani, laini kama sufi, vinavyopenda majimaji. Juu yake palikuwa na utepe wa kahawia, vijimea vilevile vimekufa, vikivunjika ukivigusa. Juu zaidi, jiwe tupu. Mtu hahitaji kuambiwa kitu. Weka kiganja kwenye utepe wa kahawia: maji yalifika hapa. Sasa bibi anafanya hivyo katika kipindi. Anaweka kiganja chake kwenye kahawia, binti anaweka chake kwenye kijani, na picha inatulia juu ya nafasi iliyo kati ya mikono miwili.

Milima yetu yenyewe imejaa visa vya upelelezi vya kweli. Kipunji ni mmoja. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wakimsimulia kima huyu wa msituni mwenye haya tangu zamani, watafiti wakasikia jina, wakaanza kufuatilia, na mwaka 2003 wakamthibitisha. Mwaka 2006 wanasayansi wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake peke yake. Kidokezo kikubwa kwa mtoto ni mlio wake, maana anabweka kama anayepiga honi, na darasa zima linaweza kuuiga. Kipindi hicho kilikwenda vizuri na sina mengi ya kukisema.

Kilichonisumbua ni kipindi cha chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, mahali padogo palipokuwa pakilowa manyunyu ya maporomoko saa zote. Mkubwa wake anakaa juu ya kidole gumba chako na nafasi inabaki. Haanzi kama kiluwiluwi. Mama anazaa vyura kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mahindi. Kisha maji ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, mimea ikakauka. Watu wakaweka mabomba ya kunyunyizia, vyura wakaongezeka tena, halafu mwaka 2003 idadi ikaporomoka, na kuvu inayoua vyura ikakutwa kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hayupo tena porini. Waliobaki walikuwa tu vizazi vya wale karibu mia tano waliopelekwa bustani za wanyama za Marekani mwaka 2000, na vizazi hivyo ndivyo vilivyoanza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Hapa hata swali langu jipya lilitetereka. Manyunyu yamekwenda wapi? Yamekwenda kwenye umeme. Kihansi ni megawati 180 kwenye gridi ya taifa. Umeme huo ndio unaowasha taa ya zahanati mama anapojifungua usiku, na ndio unaochaji kishikwambi anachotazamia mtoto katuni hii hii. Mhariri wetu mmoja alipendekeza turuke sehemu hiyo, tuseme tu maji yalipungua. Nilikataa. Mtoto aliyefuata vidokezo vitatu kwa uaminifu anastahili kufikishwa mwisho wa bomba. Tukachora mto ukiingia kwenye handaki la mlima, ukizungusha gurudumu, ukitoka kama waya, waya ukipita juu ya mashamba na minara, ukiingia kwenye nyumba ya bibi, ukiwasha balbu. Fuko anaitazama balbu. Hakuna muziki. Kisha safari ya kurudi: watu wanatandaza mabomba korongoni, masanduku ya vyura yanashuka kutoka kwenye ndege.

Mwezi uliopita niliwaonyesha michoro hiyo watoto wa darasa moja hapa mjini, ikiwa bado ya penseli. Kwenye ile sekunde ya nne ya ukimya, msichana mmoja aliinuka, akaenda mpaka kwenye swichi ya ukutani, akajinyoosha kwa vidole vya miguu.

"Mwalimu, nikizima chura atapata maji?"

Nikamwambia hapana, siyo hivyo tu, taa moja haitoshi, ila kuna watu waliomwekea mabomba yanayomnyunyizia. Aliacha mkono pale kwenye swichi akifikiri.

"Na usiku nani anayaangalia?"

Nimeliandika swali hilo ukurasa wa kwanza wa muswada mpya. Wiki ijayo ninaanza kutafuta namna ya kuwachora walinzi wa korongo, na tochi zao, na mvua.