Kiti chekundu, kiti cha kijani: rangi za tovuti kwa mwenye upofu wa rangi

Tovuti nyingi za kukata tiketi za basi huchora viti kwa mtindo mmoja: kijani kiko wazi, chekundu kimeshachukuliwa. Nikipewa tovuti ya aina hiyo kuikagua, naanzia hapo kwenye viti. Mwenye upofu wa rangi hukwama pale bila hata kujua kinachomkwamisha. Anabonyeza kiti, kinakataa. Anabonyeza cha pili, nacho kinakataa. Basi anasema tovuti ni mbovu. Hajakosea.

Wengi wa watu hawa wanaona rangi, ila si zote. Jicho lina aina tatu za seli za koni, zile zinazopokea rangi, na kwao aina moja, ile ya mwanga mwekundu au ya kijani, haipo au haifanyi kazi sawasawa. Hali hii hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume: kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban mwanaume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200.

Sasa chukua nyekundu #FF0000 na kijani #008000 (hizo ni namba za rangi kwenye tovuti), rangi ambazo kila mbunifu anayeanza huzikimbilia. Zipime kwa kanuni ya utofautishaji, yaani tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili, ya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote: uwiano wake ni kama 1.3 kwa 1 tu, wakati alama za kubonyeza zinatakiwa zifike 3 kwa 1 na maandishi ya kawaida 4.5. Maana yake, ukiondoa rangi, viti vyote vinabaki kijivu kinachokaribiana.

Dawa ni kuacha rangi isiseme peke yake. Kiti kilichochukuliwa kijazwe rangi nzito na kiwekewe alama ya X. Kilicho wazi kiwe cheupe chenye mpaka mweusi na namba yake. Viungo navyo vipigiwe mstari chini, hata kama mstari unamkera mbunifu. Kosa kwenye fomu lielezwe kwa maneno, maana kisanduku chenye ukingo mwekundu hakijamwambia mtu chochote.

Kwenye chati napenda rangi walizozipanga Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito, hasa bluu #0072B2 na chungwa iliyokolea #D55E00. Ila usizitumie kwa kukariri. Bluu hiyo inafaa kwa maandishi juu ya cheupe; chungwa haifiki 4.5, iache kwenye michoro. Tena mwanga wa rangi hizo mbili unakaribiana, kwa hiyo ripoti ikitolewa fotokopi isiyo ya rangi, mistari miwili inageuka mmoja. Andika jina kwenye mstari wenyewe.

Kikokotoo cha kupimia uwiano huo nacho kina upofu wake. Nyekundu juu ya nyeusi hupata 5.25, inafaulu, lakini kanuni imejengwa juu ya jicho la kawaida. Asiye na koni za nyekundu huiona nyekundu hiyo imefifia sana. Ndiyo maana baada ya hesabu nafungua zana za wasanidi kwenye kivinjari cha Chrome na kuigiza upofu wa kila aina, pamoja na ule wa kutoona rangi kabisa.

Mteja akisisitiza kwamba nyekundu na kijani ndizo rangi za kampuni, simbishii. Zikae kwenye nembo. Huko WCAG yenyewe haidai uwiano wowote.